Genogramu ya familia: jinsi ya kuichora kwa kazi ya kozi ya saikolojia

Mwalimu akikupa kazi ya genogramu, yaani mchoro wa ukoo unaoonyesha vizazi na uhusiano wa watu, nadharia iweke kando kwanza. Tafuta penseli, kifutio na karatasi ya A3. A4 haibebi vizazi vitatu vya ukoo wa Iringa au Rungwe. Mashangazi wataishia pembezoni.

Mwanaume ni mraba, mwanamke ni duara, marehemu huwekewa X ndani ya umbo lake. Mume hukaa kushoto na mke kulia, wakiunganishwa na mstari wa chini ambako watoto wanashukia: kifungua mimba kushoto, kitinda mimba kulia. Waliotengana wakatie mstari wao kwa mkwaju mmoja (kijistari cha mshazari), waliopeana talaka mikwaju miwili. Kwenye mitala mume mweke katikati, na kila mke awe na mstari wake na watoto wake.

Wengi huharibu kwa kuchora walichosikia bila kukihakiki. Bibi wa Kalenga akisema "huyo ni mama yako mdogo", huenda ni mdogo wake mama, huenda ni mke wa pili wa baba. "Kaka" naye anaweza kuwa mtoto wa baba mkubwa. Uliza hivi: "Bibi, hawa ni tumbo moja? Na baba yao ni mmoja?" Mjukuu anayelelewa na bibi usimchore kama mtoto wa bibi, mwache chini ya wazazi wake, kisha wanaoishi nyumba moja wazungushie mstari wa nukta nukta.

Usiende kuwahoji ndugu Novemba au Desemba, watu wako shambani wanapanda mahindi. Chanzo cha kifo usikilazimishe, hasa Njombe ambako VVU vimegusa nyumba nyingi, mwaka unatosha. Majina yafiche kwa herufi.

Mistari ya uhusiano ije mwisho: miwili sambamba kwa ukaribu, zigizaga kwa ugomvi. Kila mstari uwe na tukio nyuma yake, mfano nani hakuitwa kwenye kikao cha mahari. Huna tukio, usichore. Bibi kumtania mjukuu wake "mume wangu" si ugomvi wala kasoro ya mipaka kati ya vizazi, hata kitabu cha Marekani kikikushawishi hivyo.

Sasa mlete Murray Bowen, daktari wa akili wa Marekani aliyeanzisha nadharia ya mifumo ya familia. Tafuta pembetatu moja, yaani wawili wenye mvutano na wa tatu anayeingizwa kati yao: mama mkwe na mkamwana wakikosana, nani huvutwa katikati? Uchambuzi wa pembetatu hiyo moja, wenye matukio mawili au matatu, una uzito kuliko kurasa tano za fasili.