Kabla Hujabadilisha Gari Dogo kwa Pikapu: Mwongozo kwa Mwanafunzi

Mwanafunzi anayeniletea pikapu ili niikague kabla ya kuinunua huwa, mara nyingi, ameshaamua moyoni, na anachotafuta kwangu ni fundi wa kumwambia kwamba hajakosea. Ndiyo maana siku hizi sianzi na kufungua boneti. Humrudisha kwanza nyumbani na daftari, kwa sababu uamuzi wa kubadilisha gari dogo kwa pikapu huharibika zaidi kwenye hesabu kuliko kwenye injini.

Hatua ya kwanza: andika mizigo yako kwa siku 30

Kila jioni, andika ulichobeba siku hiyo, watu waliopanda na kilomita ulizoendesha. Kisha weka alama kwenye siku ambazo mzigo usingeingia kwenye gari lako dogo hata baada ya kulaza viti vya nyuma au kufunga keria juu ya paa. Siku hizo pekee ndizo zinazodai pikapu. Mzigo unaotarajia kubeba utakapoanza biashara usiuingize kwenye daftari hili. Biashara ikianza, itakuwa na daftari lake.

Uwe mkweli pia kuhusu mizigo ya wenzako. Mwanafunzi mwenye pikapu hugeuka kuwa mhamishaji wa vitanda na makabati ya bweni zima, na wengi wa anaowahamisha hushukuru kwa maneno matupu huku mafuta yakiwa ni yake.

Hatua ya pili: tafuta gharama ya siku moja ya mzigo

Hapa ndipo penye uzito, kwa hiyo usiharakishe. Tuseme unaendesha kilomita 1,000 kwa mwezi, gari lako dogo linakunywa lita 7 kwa kila kilomita 100, na pikapu unayoitamani inakunywa lita 11. Gari dogo litatumia lita 70 kwa mwezi na pikapu lita 110, yaani tofauti ya lita 40 kwa mwezi, au lita 480 kwa mwaka. Sasa rudi kwenye daftari. Ikiwa siku zako za mzigo halisi ni moja tu kwa mwezi, basi katika mwaka una siku 12, na kila moja imekugharimu lita 40 za ziada, ambazo nyingi zimeteketea ukiwa njiani kwenda darasani na sehemu ya mizigo ikiwa tupu. Linganisha bei ya lita hizo na gharama ya kukodi pikapu pamoja na dereva wake kwa siku moja. Iwapo moja ya magari hayo hutumia dizeli na jingine petroli, usilinganishe lita kwa lita. Geuza kila upande kuwa fedha kwanza.

Mafuta ni mwanzo tu. Tairi za pikapu ni kubwa na nzito zaidi, na huuzwa ghali zaidi. Injini ya gari dogo la petroli mara nyingi humeza takriban lita 4 za oili, ilhali injini ya dizeli ya pikapu huhitaji kati ya lita 6 na 8 kila unapofanya huduma. Kuhusu bima, omba makadirio ya maandishi kabla ya kununua, ukitaja umri wako na matumizi halisi ya gari, kwa maana dereva kijana huhesabiwa kuwa mwenye hatari zaidi, na ukibeba mizigo ya watu kwa malipo huku bima yako ikiwa ya matumizi binafsi, madai yako yanaweza kukataliwa siku ya ajali.

Hatua ya tatu: tenganisha bei mbili

Muuzaji anayepokea gari lako na kukupa pikapu atapenda mzungumzie fedha ya kuongeza juu tu. Kataa. Tuseme, kwa fedha yoyote unayotumia, gari lako linauzika kwa 100 na pikapu ina thamani ya 180; unapaswa kuongeza 80. Muuzaji akisema, kwa ukarimu, kwamba atalipokea gari lako kwa 115, wewe utafurahi, lakini akiwa ameipandisha pikapu hadi 205 utaongeza 90, na ukarimu wake utakuwa umekugharimu 10. Jua bei ya gari lako kwa kuwauliza wanunuzi watatu tofauti, halafu patana bei ya pikapu kana kwamba huna gari la kubadilisha. Kama gari lako bado lina deni linalozidi thamani yake, simamisha mpango huu hapo hapo, kwa sababu deni lililobaki litahamia kwenye pikapu nawe utakuwa unalipia magari mawili huku ukiendesha moja.

Hatua ya nne: soma uwezo wa kubeba

Kibao cha uzito, ambacho mara nyingi hubandikwa kwenye fremu ya mlango, huonyesha uzito wa juu unaoruhusiwa, gari likiwa na kila kitu. Toa uzito wa gari tupu. Kwa mfano, 2,800 ukitoa 1,900 unabaki na kilo 900, lakini watu watano wenye wastani wa kilo 70 ni kilo 350, hivyo mzigo wako ni kilo 550. Mita moja ya ujazo ya mchanga mkavu ina takriban kilo 1,600, na sehemu ya mizigo ya pikapu yenye milango minne, ikijazwa hadi ukingoni, hukaribia ujazo huo. Kwa maneno mengine, kinachoonekana kuenea kinaweza kuwa karibu mara tatu ya kinachoruhusiwa.

Hatua ya tano: kagua kuanzia chini

Pikapu ya kwanza niliyojinunulia ilikuwa na chasisi iliyong'aa kwa rangi nyeusi mpya, nami nikaihesabu rangi hiyo kuwa usafi. Chini yake palikuwa na ufa uliochomelewa, karibu kabisa na mahali springi za nyuma zinaposhikiliwa. Tangu hapo hulala chini na tochi kabla ya kusikiliza injini: hugonga chasisi kwa nyundo ndogo nikisikiliza mlio mzito wa chuma kilicholika, hutazama juu ya ekseli ya nyuma panapojificha kutu, na huhesabu mabapa ya springi pande zote mbili, kwani bapa lililoongezwa hueleza maisha ambayo muuzaji hayasemi.

Injini ikute ikiwa baridi; ukiikuta imeshawashwa, rudi siku nyingine. Kwa injini ya dizeli, fungua mfuniko wa oili wakati inanguruma taratibu: moshi mwingi unaosukumwa nje kwa nguvu ni dalili kwamba ringi za pistoni zimechoka. Gia ya kuvuta kwa magurudumu manne usiijaribu kwenye lami kavu, kwa maana pikapu nyingi hazina difu ya katikati, yaani gia inayoyaruhusu magurudumu ya mbele na ya nyuma kupishana kasi, na unapokata kona magurudumu ya mbele na ya nyuma hutaka kuzunguka kwa kasi tofauti. Ijaribu kwenye udongo au changarawe.

Hatua ya sita: iendeshe kwenye njia yako

Omba kuipitisha njia unayopita kila siku, kisha uiegeshe mahali unapoegesha gari lako sasa. Ikiwa tupu, nyuma yake ni nyepesi, hivyo hurukaruka kwenye mashimo na huteleza kirahisi zaidi kwenye kona yenye maji. Dereva aliyezoea gari dogo hustahili kulihisi jambo hilo taratibu, mchana, kabla ya kulipa.

Hatua ya saba: karatasi

Linganisha namba ya chasisi iliyopigwa kwenye chuma na ile ya kwenye kadi, tarakimu kwa tarakimu. Hakikisha bima ya pikapu imeanza kabla hujaiondoa, na umiliki wa gari lako la zamani umehamishwa siku hiyo hiyo, ili faini za atakayeliendesha kesho zisije kwa jina lako.