Kujenga baiskeli nyepesi ya kaboni yenye breki za diski kwa barabara za Dodoma

Kilo saba na nusu, pedali zikiwemo. Hilo ndilo lengo la maana kwa baiskeli ya kaboni ya lami itakayoishi Dodoma. UCI, shirikisho la baiskeli la dunia, haliruhusu baiskeli ya mashindano iwe chini ya kilo 6.8, na kufika hapo inawezekana. Shida ni kwamba gramu 700 za mwisho hukatwa kwenye matairi, beringi na bolti, yaani vitu vile vile ambavyo vumbi na miiba ya huku huvianza kwanza.

Mizani kabla ya spana

Tafuta mizani ya jikoni ya kidijitali na upime kila kipande kabla hakijafungwa. Uzito unaotangazwa wa fremu mara nyingi ni wa fremu tupu isiyopakwa rangi, bila sikio la kibadili gia wala bolti zake. Yako ikizidi gramu 80 au 100, hujaibiwa.

Kwa fremu ya saizi 54, mgawanyo unaofika kilo 7.46 ni huu: fremu na foku gramu 1,240, beringi za shingo ya fremu (headset) na spesa 100, usukani na shingo yake inayoushika (stem) 330, kiti na nguzo yake 350, rimu mbili zenye habu na spoki 1,400, matairi, valvu na maji ya kuziba pancha 690, diski mbili na ekseli zake 300, seti nzima ya gia na breki 2,700, tepu ya usukani, vishikio vya chupa na pedali 350.

Ukitazama hesabu hiyo utaona pesa iende wapi. Magurudumu yenye matairi ni zaidi ya kilo 2, na seti ya gia ni zaidi ya theluthi moja ya baiskeli yote. Anayeanza na bolti za titani anatumia hela nyingi kuokoa gramu ambazo zingepatikana kwa kuacha chupa moja nyumbani, na safari ya Dodoma hadi Bahi kwenye jua la Oktoba si ya kuachia chupa.

Fremu inayofungulika

Kabla ya rangi na jina, uliza mambo mawili.

La kwanza, beringi za kranki zinakaaje? Chagua zinazofungwa kwa thredi, iwe ya kipimo cha BSA au cha T47. Za kugongelewa zina uzito unaokaribiana na hizo, lakini tundu la fremu likiwa limezidi hata kwa sehemu ndogo ya milimita, beringi hucheza, vumbi huingia katikati na mlio wa kukwaruza hautaisha kwa grisi yoyote. Za thredi hufunguliwa na fundi yeyote mwenye spana yake.

La pili, hozi za breki zinapita wapi? Fremu nyingi mpya huzificha kabisa: zinatoka ndani ya usukani, zinapenya beringi ya juu ya shingo na kuteremka ndani ya fremu. Picha inapendeza. Ila kuanzia Mei hadi Novemba Dodoma karibu haina mvua, vumbi jekundu linapenya kila mwanya, na beringi ya juu ndiyo hufa mapema. Kwenye fremu ya namna hiyo, kubadilisha beringi moja kunaweza kumaanisha kufungua hozi zote mbili na kutoa upepo kwenye breki upya. Sisi tungechukua fremu ambayo hozi huingilia tundu la ubavuni, hata kama inazidi kwa gramu chache. Ukiamua ya kuficha kila kitu, basi weka gia za umeme; waya wa gia wa chuma ukipindishwa kona nyingi kiasi hicho unakuwa mzito mkononi baada ya msimu mmoja wa vumbi.

Fremu ikifika, iwe imekuja kwa basi kutoka Dar es Salaam au kwa njia nyingine, ifungue mbele ya aliyeileta. Pitisha kucha kwenye kila maungio, kisha gongagonga taratibu kwa sarafu kuanzia bomba la juu hadi nyuma. Kaboni nzima hulia kwa ukali unaofanana. Palipopasuka ndani hulia butu, kama unagonga boksi. Weka rula iliyonyooka kwenye vikalio vya kalipa (kipande cha breki kinachobana diski) pia: vikiwa na mabonge ya rangi, kalipa itakaa upande na diski itasugua hata uirekebishe mara ngapi.

Kukata bomba la foku

Hapa ndipo fremu nyingi huharibikia, kwa sababu kilichokatwa hakirudi. Panga kila kitu kwanza bila kukata: beringi ya chini, foku, beringi ya juu, kifuniko, spesa, shingo ya usukani, na spesa moja ya milimita 5 juu ya shingo. Watengenezaji wengi hawataki spesa za chini ya shingo zizidi milimita 30. Soma karatasi ya foku yako. Piga alama bomba linapotokea juu, toa foku, kisha pima milimita 3 chini ya alama. Kata hapo. Bomba likibaki sawasawa na spesa au likichomoza, kifuniko cha juu kitagusa bomba badala ya kubana beringi, na shingo itacheza siku zote.

Zungushia utepe wa karatasi wenye gundi (masking tape) mahali pa kukata, bana foku katikati ya vipande vya mbao, na tumia msumeno wa chuma wenye meno madogo, 32 kwa inchi, ukiwa mpya. Lowesha msumeno kwa maji na uvae barakoa, kwani vumbi la kaboni si la kuvuta. Kata kwa kusukuma polepole robo tatu, geuza foku, malizia upande wa pili. Ukikata moja kwa moja hadi mwisho, nyuzi za mwisho huchanika. Lainisha kwa msasa namba 400 kutoka nje kwenda ndani, kisha paka gundi nyepesi ya super glue kwenye mkato.

Ndani ya bomba weka plagi ya kutanuka. Ile nyota ya chuma inayogongelewa kwenye foku za alumini usiiguse, inakwangua kaboni kwa ndani.

Toki

Toki ni nguvu ya kukaza bolti, na spana yenye kipimo chake, kuanzia nyutonimita 2 hadi 15, si anasa kwenye kaboni. Mkono wa fundi aliyezoea baiskeli za chuma hufunga shingo kwa nguvu maradufu bila kujua. Namba zilizochapwa kwenye kipande chenyewe ndizo za kufuata. Pasipo na namba, hizi hutosha: shingo kwenye bomba la foku 5, kifuniko cha usukani 5, nguzo ya kiti 5, mikono ya breki 6, kalipa 6 hadi 8, bolti mbili za mkono wa kushoto wa kranki ya kampuni ya Shimano 12 hadi 14. Beringi za kranki za thredi hutaka 35 hadi 50, kufuli la kaseti (gia za nyuma) na la diski ya Center Lock, inayoshikwa na kufuli moja la katikati, 40. Hizo zinahitaji spana kubwa zaidi. Kwenye BSA upande wa mnyororo hufungwa kinyume, na pedali ya kushoto vile vile.

Kaboni kwa kaboni, mfano nguzo ya kiti ndani ya fremu, ipakwe pesti ya kaboni yenye chembe kama mchanga, siyo grisi. Grisi hufanya nguzo iteleze, mtu anaongeza nguvu, mwisho fremu inapasuka karibu na kibano. Huo ndio mfululizo wa kawaida kabisa.

Breki

Diski ya milimita 160 mbele na ya 140 nyuma zinatosha mtu wa hadi kilo 80 hivi kwenye barabara za huku. Mzito zaidi aweke 160 zote mbili. Kwa kalipa ya nyuma, angalia urefu wa bolti: ikipita kwenye fremu, ichomoze kama milimita 13. Fupi itang'oa thredi, ndefu itagota kabla haijabana.

Mafuta ni jambo la kutokosea. Shimano hutumia mafuta yake ya madini. Breki nyingi za kampuni ya SRAM hutumia DOT 5.1, mafuta ya breki ya aina ya magari, na baadhi ya mpya hutumia ya madini. Imeandikwa kwenye mkono wa breki. Chupa ya DOT 4 iko kila duka la spea za magari, na ndiyo inayowashawishi watu. Ikiingia kwenye breki ya mafuta ya madini, mipira ya ndani inavimba na breki nzima ni ya kutupa.

Kata hozi kwa kisu chake maalumu ili mkato unyooke bila kuinama upande, weka pete mpya ya shaba na kipini kipya cha ndani, kila mara. Kurudia pete ya zamani ndicho chanzo kikuu cha mafuta kuvuja kwenye mkono. Kisha, kwa Shimano:

1. Toa gurudumu na pedi, uziweke chumba kingine. Ingiza kipande cha plastiki cha kutenganisha pistoni.
2. Elekeza mkono wa breki hadi tundu lake la juu liwe sawa, fungua skrubu, funga kikombe cha mafuta.
3. Unganisha sirinji iliyojaa kwenye kalipa, legeza nati, sukuma mafuta kwenda juu hadi yatoke kikombeni bila mapovu. Funga nati.
4. Minya mkono polepole mara nyingi huku ukigonga hozi na kalipa kwa mpini wa bisibisi. Mapovu madogo hujificha kwenye kona.
5. Mkono ukiwa mgumu na hauzami, ziba kikombe, kitoe, rudisha skrubu. Futa kila tone kwa pombe ya isopropili.

Usifute diski wala kalipa kwa kitakasa mikono. Kina gliserini, na pedi zikishanyonya zitapiga kelele hadi utakapozibadilisha. Pia mwambie fundi wa mtaani asigeuze baiskeli magurudumu juu. Povu lililobaki kwenye mkono hupanda na kuingia kwenye hozi, na mwenyewe anakuja kugundua kwenye mteremko.

Pedi mpya lazima zizoeshwe diski. Nenda mahali pasipo na magari, kama barabara za ndani za Mtumba asubuhi ya Jumapili: kimbia hadi kilomita 30 kwa saa, breki ya mbele peke yake hadi mwendo wa kutembea bila kusimama kabisa, mara 20. Halafu ya nyuma.

Matairi

Mbigili ndiyo inayoamua. Inatambaa kando ya lami, na mbegu yake yenye miiba hupenya tairi jepesi la gramu 220 bila taabu. Chukua tairi lisilo na tyubu la milimita 28 au 30, gramu 280 hivi, na mililita 40 za maji ya kuziba pancha kila moja. Kwa ukavu wa hapa maji hayo hukauka haraka. Chungulia kila mwezi. Mfukoni beba tambi za kuzibia na tyubu moja ya TPU (plastiki nyembamba), haifiki gramu 40.

Kukalisha tairi mara ya kwanza kunahitaji upepo wa ghafla, hivyo wengi huenda kibanda cha pancha chenye kompresa. Beba kofia ya kubadilishia valvu nyembamba iwe ya kawaida, na simamia mwenyewe. Rimu isiyo na ndoano ya kushika ukingo wa tairi (hookless) ina kikomo cha psi 72, wakati kompresa iliyowekwa kwa ajili ya malori inapita hapo kwa sekunde chache, na tairi huruka. Mtu wa kilo 70 kwenye tairi la 28 aanzie psi 62 mbele na 66 nyuma.

Rimu zisizidi kina cha milimita 40. Kwenye barabara ya Morogoro upepo wa pembeni ukikutana na wa lori linalokupita, rimu ndefu hunyang'anya usukani.

Gia na mnyororo

Meno 50/34 mbele na 11-34 nyuma yanapanda popote kati ya hapa na Kondoa. Urefu wa mnyororo: zungusha gia kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma bila kupita kwenye kibadili gia, ongeza pingili 2.

Mafuta ya mnyororo ya kimiminika kwenye vumbi hili hugeuka msasa. Tumia nta. Osha mnyororo mpya kwa petroli mara mbili, nje na mbali na moto, uache ukauke kabisa. Yeyusha nusu kilo ya parafini safi, siyo mishumaa ya rangi na manukato, kwenye sufuria ndogo iliyo ndani ya sufuria ya maji. Zamisha mnyororo dakika 10 hadi mapovu yaishe, zima jiko, subiri nta ianze kuweka utando juu, ndipo uutoe. Ukiutoa nta ikiwa ya moto sana, yote inachuruzika. Utakuwa mgumu kama fimbo. Ukunje pingili kwa pingili. Rudia kila kilomita 300, na mara tu baada ya mvua. Kiungo cha Shimano cha gia 12 hakirudiwi kikishafunguliwa, hivyo nunua vya akiba.

Baada ya kilomita 100 za kwanza pima tena toki ya shingo, nguzo ya kiti, kalipa na kranki. Weka alama ya utepe wa karatasi kwenye nguzo ya kiti: ikiwa imeshuka hata milimita 2, toa, futa, paka pesti upya na ufunge kwa 5 ile ile.