Kupima hali ya hewa nyumbani Lamu: kuanzia chupa ya mvua hadi wastani wa miaka

Mwongozo huu unamhusu yeyote anayeishi Lamu, awe mwalimu, nahodha, mkulima wa Mpeketoni au mwenye nyumba anayetegemea maji ya jabia (tangi la kuhifadhi maji ya mvua), ambaye anataka kuweka rekodi za hali ya hewa zinazoweza kuaminiwa na mtu mwingine. Vifaa si ghali: chupa ya plastiki, bomba la sindano, vipimajoto viwili na barometa, kipimo cha mgandamizo wa hewa, ambayo simu nyingi za kisasa zinayo ndani. Kazi hasa iko katika mahali pa kuviweka, saa ya kuvisoma, na kuujua kwanza mwendo wa kawaida wa hewa ya pwani yetu kabla ya kuanza kutafuta lisilo la kawaida.

Hatua ya 1: Chagua saa moja na uishike. Saa tatu asubuhi inafaa, kwa kuwa ndiyo saa ambayo vituo vya Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya husoma mvua, na hivyo takwimu zako zitalinganishika na zao. Mvua unayoikuta saa hiyo iandike kwa tarehe ya jana, kwa sababu sehemu kubwa ya saa 24 zilizopita ilikuwa ya jana. Siku isiyo na mvua andika 0. Siku ambayo hukusoma weka mstari. Mambo haya mawili hayafanani hata kidogo, na daftari linaloyachanganya halifai kwa hesabu yoyote.

Hatua ya 2: Tengeneza kipimamvua. Kata sehemu ya juu ya chupa yenye kuta zilizonyooka, uigeuze na kuitumbukiza ndani ya chupa iliyobaki ili iwe faneli, itakayopunguza maji yanayopotea kwa mvuke. Pima kipenyo cha mdomo wa juu. Kama ni sentimita 9, eneo lake ni sentimita mraba 63.6, kwa hiyo kila milimita moja ya mvua itakupa takriban mililita 6.4 za maji. Asubuhi vuta maji yote kwa bomba la sindano, hesabu mililita, kisha ugawe kwa 6.36. Ukipata mililita 127, mvua ilikuwa milimita 20. Kwa kuwa milimita moja ni lita moja kwa kila mita mraba, paa la mita mraba 100 lilipokea siku hiyo lita 2,000, ijapokuwa si zote zitakazofika jabiani.

Katika Mji wa Kale, ambako nyumba zimebanana na ua wa ndani ni mdogo, kishawishi ni kukiweka kipimamvua juu ya dari. Sishauri. Upepo unapokipiga chombo kilicho juu hujipinda kwenye mdomo wake na kuyapeperusha matone, nao upotevu huo huwa mkubwa hasa wakati upepo wa kusini, Kusi, unapovuma kwa nguvu, yaani katika msimu uleule wenye mvua nyingi. Tafuta kiwanja, shamba au uwanja wa shule, mdomo wa chombo uwe takriban sentimita 30 juu ya ardhi, na kila mnazi au ukuta uwe mbali angalau mara mbili ya kimo chake.

Hatua ya 3: Kipe kipimajoto kivuli na hewa. Kipimajoto kilichopigwa na jua hupima joto lake chenyewe, si la hewa. Kisanduku cheupe chenye mbao za kupishana, kilichobuniwa na mhandisi Mskoti Thomas Stevenson, ndicho suluhisho hadi leo. Kiweke kwenye kimo cha kati ya mita 1.25 na 2. Miongozo ya Ulaya inasema mlango uelekee kaskazini, lakini Lamu iko karibu na nyuzi 2 tu kusini mwa ikweta. Jua letu hupita utosini katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba, likawa upande wa kusini mwezi Desemba na upande wa kaskazini mwezi Juni. Weka milango miwili, ufungue ule wa upande wa kivuli.

Kipimajoto cha pili kivishwe kitambaa chembamba chenye maji. Hewa ikiwa kavu maji huvukizwa upesi na kipimajoto hicho hupoa. Hewa ikiwa imejaa mvuke, vyote viwili husoma karibu sawa. Tofauti yao ndiyo inayokupa unyevu wa hewa, kwa kutumia jedwali.

Hatua ya 4: Soma barometa kwa kanuni za tropiki. Hapa ndipo wanaojifunza kutoka vitabu vya nchi za baridi hupotea. Huko mgandamizo wa hewa ukishuka kwa hektopaskali mbili au tatu kwa saa chache, huenda tufani inakaribia. Kwetu kiasi hicho hushuka karibu kila siku bila wingu hata moja. Hewa ina kujaa na kupwa kwake: mgandamizo hufikia kilele karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku, na hushuka kabisa karibu saa kumi alasiri na saa kumi alfajiri. Bamvua na maji mafu, yaani kujaa kukubwa na kudogo kwa bahari, hufuata mwezi, na saa za kujaa bahari husogea kila siku. Mawimbi haya ya hewa husukumwa hasa na jua linalopasha joto angahewa, kwa hiyo saa zake hazihami.

Basi usilinganishe alasiri na asubuhi. Linganisha saa tatu ya leo na saa tatu ya jana. Tofauti inayozidi hektopaskali tatu ni jambo la kutazamwa. Maneno "mvua" na "shwari" yaliyochorwa kwenye barometa za ukutani yapuuze. Hayakuandikwa kwa ajili ya Lamu. Vimbunga navyo ni nadra kwetu, kwa kuwa karibu na ikweta nguvu ya mzunguko wa Dunia inayouzungusha upepo ni ndogo mno. Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilifika nchi kavu Mafia, nchini Tanzania, mbali kusini mwetu.

Hatua ya 5: Andika upepo unakotoka na nguvu yake. Upepo huitwa kwa upande unakotoka. Kwa nguvu, kipimo cha Beaufort, chenye daraja 0 hadi 12, kinatosha: bahari ikianza kuwa na povu jeupe hapa na pale, andika 3, mawimbi ya kadiri yakijaa povu jeupe, andika 5.

Kusi huanzia kwenye eneo la mgandamizo mkubwa kusini mwa Bahari ya Hindi, upande wa visiwa vya Mauritius na Réunion. Mzunguko wa Dunia huupinda upepo kushoto ukiwa kusini mwa ikweta na kulia ukiwa kaskazini, ndiyo maana Kusi hutujia kutoka kusini-mashariki, na baada ya kuvuka ikweta hugeuka kuielekea India kutoka kusini-magharibi. Kaskazi hutokea upande wa pili, Asia inapopoa, na hutuletea Januari na Februari kavu. Mvua kubwa ya Masika hufika Lamu hasa mwezi Mei, Kusi inaposhika. Juu ya pepo hizi kubwa kuna upepo wa bahari wa kila siku, ambao huanza nchi kavu inapopata joto upesi kuliko maji. Ukisoma mara moja tu kwa siku hutauona, kwa hiyo ongeza usomaji wa saa tisa alasiri.

Hatua ya 6: Geuza siku ziwe tabianchi. Mwisho wa mwezi jumlisha mvua na utafute wastani wa joto. Shirika la Hali ya Hewa Duniani hutumia wastani wa miaka 30, na kipindi cha sasa ni 1991 hadi 2020. Mabaharia wetu waliohesabu miongo ya siku kumi kumi tangu Nairuzi, mwaka mpya wa Waswahili, walikuwa wakifanya kazi ya namna hiyohiyo, ya kutarajia upepo fulani katika mwongo fulani.

Ulinganishe mwezi wako na wastani wa kituo rasmi cha Lamu, si na kumbukumbu za watu. Kwa Vuli, tazama pia joto la bahari: maji ya magharibi mwa Bahari ya Hindi yakiwa na joto kuliko kawaida na ya upande wa Indonesia yakipoa, mvua zetu za Oktoba hadi Desemba huelekea kuwa nyingi, kama ilivyotokea 1997 na 2019. Masika haifuati kanuni hiyo kwa urahisi, na utabiri wake ni mgumu zaidi.

Rekodi ya miaka mitano itakusaidia kukadiria ukubwa wa jabia, lakini haitoshi kudai kwamba tabianchi imebadilika. Na kila unapohamisha chombo, kubadilisha kipimajoto, au jirani anapojenga ghorofa karibu na kipimamvua, andika tarehe hiyo daftarini kwa kalamu ya risasi, ambayo haifutiki kwa maji. La sivyo ukuta wa jirani utaonekana miaka kumi baadaye kama ukame.