Bandama la ng'ombe kwa somo la seli B

Kila nikifika mada ya kinga ya mwili, napitia buchani Mbuyuni, hapa Moshi, kabla ya kengele ya asubuhi. Muuzaji keshanizoea: "Mwalimu, bandama tena? Mbwa wako wanafaidi!"

Chukua la siku hiyohiyo, la ng'ombe aliyepita kwa mkaguzi. Likiwa limevimba mno, jeusi, laini kama lami, usilipasue. Huenda ni kimeta, mwite mkaguzi. Wala usiligandishe. Mwaka wangu wa kwanza nililiweka kwenye friza, likayeyuka likawa uji mwekundu, nikafundisha kwa chaki.

Vaa glovu, kata kipande chembamba kwa wembe mpya, kisuuze taratibu, kisha kiinamishe dirishani. Ndani ya wekundu utaona vitone vyeupe kama vichwa vya pini. Usiwaambie wanafunzi ni nini, waache wavigundue. Ni makundi ya seli nyeupe za kinga: seli T, zinazoongoza mapambano na kuua seli zilizoambukizwa, zimeuzunguka mshipa mdogo wa ateri; seli B, zinazotengeneza kingamwili, zimefanya vifundo pembeni.

Wengi tunafundisha kama vile seli B ni wapangaji tu, wanaosubiri kazi ya kutengeneza kingamwili. Kumbe ndizo mafundi wa nyumba yenyewe, na hili huingia kwa mchezo. Wanafunzi kumi wawe seli B, kila mmoja na punje za maharage, yaani limfotoksini, molekuli inayozipa ishara seli za mhimili. Wawili wawe seli za mhimili, zile zinazoshikilia umbo la bandama, wenye kengele, yaani kemokini CXCL13, kemikali inayoziita seli B. Watatu, makrofaji, yaani seli zinazomeza vijidudu, walinde ukingoni mwa vifundo. Mhimili akipewa punje anapiga kengele. Seli B ikisikia inasogea na kutoa punje nyingine. Baada ya dakika mbili wamebanana kama abiria wa Hiace. Sasa toa seli B zote nje. Kengele inakufa, na walinzi waambie waondoke: kwa panya wa maabara wasio na seli B, vifundo havijengeki, makrofaji za ukingoni hupungua, hata eneo la seli T hudumaa.

Kuna binti aliuliza, "Na aliyetolewa bandama baada ya ajali ya bodaboda?" Swali zuri. Seli B za ukingoni huwahi bakteria wenye ganda la sukari, kama nimokoka, bakteria wa nimonia; asiye nazo anahitaji chanjo, na homa ikimpanda awahi hospitali, asingoje kesho.

Mabaki yafukie chini sana. Mbwa wangu hawajawahi kuonja, maana nyama mbichi ya ndani huwapa minyoo.