Kuiongezea nguvu kompyuta ya mezani ya Core 2 Duo: SSD, RAM na kadi

Maboksi meusi ya Dell OptiPlex 755, 760 na 780, pamoja na wenzao HP Compaq dc7900 na 8000 Elite, bado yanapiga kazi kwenye maduka ya steshenari na ofisi ndogo kuanzia Mafinga hadi Tunduma. Yalitengenezwa kati ya 2007 na 2010, yakatumika maofisini ng'ambo, kisha yakaja huku kama mtumba. Mengi yana vilevile yalivyokuja navyo: prosesa ya Core 2 Duo, RAM ya GB 2 na hadidiski ya GB 160 au 250, na ukiwasha asubuhi una muda wa kuchemsha chai kabla Windows haijatulia.

Mashine hizi hazifi kirahisi. Kinachowaponza wenye nazo ni kuanza pasipostahili: wengi hukimbilia RAM kwa sababu ndiyo inayotajwa sana mtaani. Anza na SSD, yaani diski ya chipu isiyo na kinachozunguka, inayochukua nafasi ya hadidiski. RAM ifuate, kadi za nyongeza ziwe za baadaye kama kuna sababu, na prosesa iachwe ilivyo.

Kabla ya kutoa hela

Geuza boksi, tazama pawasaplai kwa nyuma. Baadhi zina swichi ndogo nyekundu yenye namba 115 na 230. Boksi lililotumika Marekani linaweza kuwa limekaa kwenye 115, na umeme wetu ni volti 230. Ukilichomeka hivyo pawasaplai inaungua papo hapo, na wakati mwingine inaondoka na mazabodi, ile bodi kuu ya ndani. Sogeza swichi iwe 230 kabla plagi haijagusa soketi. Isiyo na swichi, soma lebo yake uone kama 230 imo.

Fungua ubavu, angalia kapasita, vile vikopo vidogo vya mviringo vilivyozunguka prosesa. Vichwa vyake viwe bapa. Ukikuta zilizovimba au zenye ute wa kahawia uliokauka, usinunue kipuri chochote. Tafuta boksi jingine, maana SSD mpya haiponyi mazabodi inayokata roho.

Halafu ujue aina ya RAM. OptiPlex 755 na 760 na dc7900 zinatumia DDR2, wakati OptiPlex 780 na 8000 Elite zinatumia DDR3. Hizi haziingiliani: pengo lililokatwa kwenye meno ya kipande haliko mahali pamoja, kwa hiyo kikigoma kuingia usikisukume. Jambo hili peke yake linaamua utumie kiasi gani. Vipande vya DDR2 vya GB 4 ni adimu, na bei yake ikikushika unaweza kupata boksi zima la 780. Mwenye DDR2 aishie GB 4 kwa vipande viwili vya GB 2, aweke SSD, afunge. Mwenye DDR3 aende GB 8 bila wasiwasi.

SSD

Nunua SSD ya inchi 2.5 yenye plagi ya SATA, GB 240 au 256. Zile ndogo nyembamba za M.2 hazina pa kukaa kwenye mazabodi hizi. Hata ukiiweka ya NVMe (aina ya M.2 yenye kasi zaidi) kwenye kadi ya kugeuzia, BIOS ya enzi hizo, yaani programu ya kuanzishia mashine, haiwezi kuwashia mashine kutoka humo. Wala usiongeze hela kwa kasi iliyoandikwa kwenye boksi lake. Matundu ya SATA hapa ni ya kizazi cha pili, kikomo chake ni takriban MB 300 kwa sekunde, kwa hiyo ya MB 550 itabanwa tu. Utakachokiona hasa ni ule uzembe wa hadidiski kutafuta vifaili vidogo vidogo, ambao utakwisha kabisa.

Bandia zipo nyingi. SSD ya TB 2 inayouzwa kwa bei ya GB 240 ni fleshi ndogo iliyofundishwa kudanganya: inakubali mafaili yako yote, kisha yaliyozidi uwezo wake halisi yanapotea. Ipime siku hiyohiyo kabla hujaitumia, kwa H2testw ukiwa Windows au F3 ukiwa Linux. Programu hizo huijaza diski na kuisoma upya. Ukiagiza Kariakoo mzigo uje kwa basi, kubaliana na muuzaji mapema kwamba isipofaulu kipimo inarudi.

Kuifunga ni kazi fupi. Nakili kwanza nyaraka zako pembeni. Zima, chomoa plagi, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde tano ili chaji iliyobaki iishe. Toa hadidiski, hamishia waya wake mpana wa umeme na ule mwembamba wa data kwenye SSD. Tundu la inchi 3.5 litaibakiza SSD ikielea, basi tumia fremu ya kugeuzia au hata tepu ya gundi pande mbili, kwa kuwa ndani yake hakuna kinachozunguka. Hadidiski ya zamani unaweza kuirudisha kwenye tundu la pili kama stoo ya nyaraka. Ukipungukiwa plagi ya umeme, tafuta waya wa kugawa unaotoka SATA kwenda SATA. Vigeuzi vya Molex kwenda SATA ambavyo plastiki yake imemiminwa ikawa bonge moja vina historia ya kushika moto. Viepuke.

Washa, ingia BIOS kwa F2 kwenye Dell au F10 kwenye HP, uone SATA iko AHCI, mpangilio wa namna mashine inavyozungumza na diski. Hili lifanyike kabla ya kuweka mfumo. Ukibadilisha baada ya Windows kukaa, inaweza kuangukia skrini ya bluu yenye namba 0x0000007B, na dawa ni kurudisha mpangilio wa mwanzo.

Mfumo gani? Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 kuanzia toleo la 24H2 haiwaki kabisa kwenye Core 2 Duo, kwa sababu inadai amri ya POPCNT ambayo prosesa hii haina, na zile mbinu za kukwepa masharti hazisaidii. Kwa kuchapa, barua pepe na kivinjari, weka Linux Mint ya Xfce. Iandike kwenye fleshi, ichomeke nyuma ya boksi, bonyeza F12 kwenye Dell au F9 kwenye HP uchague fleshi hiyo. Kabla ya kufuta chochote ijaribu ikiwa bado kwenye fleshi, na uchapishe kurasa moja mbili kwa printa yako. Duka la steshenari likikosa draiva ya printa siku ya mitihani, kasi ya SSD haitamfariji mteja.

RAM: soma lebo, hesabu chipu

Hapa ndipo hela nyingi zinapopotea, na kwa wenye DDR3 hasa. Chipseti ya Q45 (chipu inayosimamia RAM) iliyomo kwenye 780 na 8000 Elite inaelewa chipu zenye ujazo usiozidi gigabiti 2 kila moja. Kipande cha GB 4 kinachokubalika ni chenye chipu 16, nane kila upande, na lebo yake imeandikwa 2Rx8. Kipande kipya cha GB 4 chenye chipu nane tu, lebo 1Rx8, kimetumia chipu za gigabiti 4. Ukikichomeka, mashine italia au itabaki na skrini nyeusi, na muuzaji atakuonyesha kwenye mashine yake mpya kwamba kinafanya kazi. Wote wawili mtakuwa mnasema kweli. Kipande cha GB 2 chenye 1Rx8 hakina shida, hesabu yake inatoshea.

Soma pia mwisho wa namba. PC3-10600U ni sawa, na PC3-12800U pia, ingawa zote zitashushwa hadi kasi ya 1066 au chini yake. Ikiishia na R ni ya seva, haiwaki humu. Vile vya bei ya kutupa vilivyoandikwa kuwa ni vya AMD pekee viache huko huko.

Kwenye OptiPlex jozi ya kwanza inakaa kwenye matundu yenye vishikizi vyeupe, ya pili kwenye meusi. Fungua vishikizi, linganisha pengo, kisha kandamiza kwa vidole gumba viwili, pande zote kwa pamoja, mpaka vishikizi vijifunge vyenyewe kwa mlio. Ukivifunga kwa mkono, huenda kipande hakijafika chini. Taa ya mbele ikipepesa njano na skrini ikabaki nyeusi, toa vipande vyote, futa meno yake kwa raba nyeupe ya mwanafunzi, rudisha kimoja kwenye tundu la kwanza ujaribu. Dell ikiwaka itakulalamikia kwamba kiasi cha RAM kimebadilika. Bonyeza F1 iendelee, si kosa.

Usiku huo iache na Memtest86+, programu ya kupimia RAM, imalize mzunguko mmoja kamili. Kosa moja tu linatosha kurudisha kipande dukani. Na kama umebaki na Windows ya biti 32, GB 8 ni bure, kwani haitaona zaidi ya 4.

Kadi

Pima nafasi kwanza. OptiPlex 780 ya umbo dogo ina matundu mawili tu ya kadi, PCIe ndefu moja na PCI ya kizamani moja, zote za kadi fupi. 8000 Elite ya umbo dogo ina nafasi zaidi. Uliza muuzaji kama kadi inakuja na bati fupi, la sivyo mfuniko hautafunga.

Kadi yenye faida ya kila siku ni ya USB 3.0. Kama ina tundu lake la umeme, liunganishe. Bila hivyo diski ya nje itakuwa inakatika katikati ya kunakili. Usitegemee kuwashia mashine kutoka kwenye kadi hiyo, fleshi ya kuwekea mfumo ibaki kwenye USB za asili. Picha ya VGA ikipotea baada ya kuchomeka kadi kwenye tundu refu, itoe, ingia BIOS uchague picha itoke kwenye mazabodi, kisha irudishe.

Kadi ya picha kama GT 710 inakupa HDMI na skrini ya pili kwa takriban wati 19, kwa hiyo pawasaplai ndogo inaibeba. Ya michezo inayodai plagi yake ya umeme haina kazi humu.

Vumbi, baridi na radi

Vumbi jekundu la Agosti hadi Oktoba huziba mapezi ya kipozeo cha prosesa. Puliza kwa blowa ukiwa nje, na feni uishikilie kwa kidole isizunguke, maana ukiiacha ikimbie beringi zake zinaharibika. Pesti ya prosesa ya tangu 2009 imeshakuwa chokaa. Isafishe kwa spiriti, weka tone jipya la milimita 4 hivi katikati, kipozeo kitalitandaza. Na baridi ya Juni isikudanganye: Mbeya ipo mita 1,700 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi na inabeba joto kidogo kuliko ya Dar.

Boksi likishushwa kwenye basi alfajiri ya Makambako au Njombe, usiliwashe likiingia tu kwenye chumba chenye joto. Umande hujitengeneza juu ya mazabodi. Liache ndani ya mfuko wake saa mbili.

Betri ya CR2032 ibadilishe ukiwa umefungua. Ikishuka chini ya volti 2.7 kwenye mita, saa inarudi nyuma kila umeme unapokatika, na kivinjari kinaanza kukataa tovuti karibu zote kwa madai kwamba si salama. Watu hulaumu bando wakati ni tarehe.

UPS ya VA 650 inatosha kukupa dakika za kuhifadhi kazi na kuzima, lakini haizuii radi. Kuanzia Novemba, mawingu yakijikusanya kwenye mlima Loleza hapa Mbeya, chomoa plagi ya umeme na waya wa mtandao pia, kwa kuwa radi hupitia huko vilevile.