Kabla ya Kununua Bunduki Kuukuu ya Kuwindia: Mambo ya Kuzingatia kwa Mkazi wa Tabora

Hapa Tabora, bunduki kuukuu ya kuwindia aghalabu humfikia mnunuzi kwa njia ya msiba au ya uzee. Mzee aliyezoea kurina asali na kuwinda katika miombo ya Sikonge au Kaliua amefariki, au macho yake hayaoni shabaha tena, na watoto wake, ambao wamekwisha kuhamia Mwanza na Dar es Salaam, hawana haja na kile kitu kirefu kilichofungiwa kabatini. Habari hupita kwa jamaa na marafiki mpaka imfikie mtu anayependa vitu vya kale, aonyeshwe mtutu mweusi uliong'aa na kitako kilicholainishwa na mikono ya miaka sitini, na hapo moyo hutangulia kuamua kabla akili haijaulizwa. Mimi nilifikiwa na habari ya namna hiyo miaka michache iliyopita, nikakaribia sana kununua. Ninayoyaandika hapa nimeyapanga kwa utaratibu ambao laiti ningeufuata tangu siku ya kwanza.

Jambo la kwanza ni hati, na halina mbadala. Katika nchi yetu silaha za moto zinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na chini ya sheria hiyo leseni ni ya mtu mmoja kwa silaha moja inayotambulika kwa namba zake. Bunduki ya marehemu haigawanywi kama ng'ombe au shamba. Leseni yake imekoma naye, na wanaobaki wanapaswa kuipeleka silaha hiyo polisi ihifadhiwe wakati mambo ya umiliki yakishughulikiwa. Kwa hiyo, ukiambiwa kwamba bunduki ya baba bado iko uvunguni na kwamba mnaweza kumalizana leo leo, jua kwamba muuzaji na mnunuzi wote wawili wanaingia katika kosa la jinai, hata kama kila mmoja ana nia njema na mzee aliyekufa alikuwa mwadilifu kuliko wote kijijini. Serikali imekuwa ikitoa vipindi vya kusalimisha silaha kwa hiari, kwa mfano miezi ya Septemba na Oktoba mwaka 2022, na familia nyingi zilizokuwa na mabaki ya namna hiyo zilipata njia ya kuyatoa bila kushtakiwa. Hata hivyo hakuna anayeruhusiwa kungoja kipindi kingine huku akiendelea kuficha.

Omba kuiona leseni ya mwenye silaha, kisha linganisha namba iliyoandikwa humo na namba iliyochongwa kwenye chuma, tarakimu kwa tarakimu, ukiwa mahali penye mwanga wa kutosha. Tazama kama namba imefutwa kwa tupa, imegongwa upya, au imekaa juu ya chuma kilichokwaruzwa. Katika mikoa yetu ya magharibi tahadhari hii ina uzito wa pekee, kwa sababu Kigoma inapakana na Burundi na, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na Kongo, na vita vya huko vimesukuma silaha nyingi kuvuka mipaka bila karatasi yoyote. Silaha ikikosa historia inayoandikika, iache hapo hapo. Wewe nawe unatakiwa kuanza maombi yako mapema, kuanzia serikali ya kijiji au mtaa, yapite kata na ofisi ya mkuu wa polisi wa wilaya na kamati za ulinzi na usalama, hadi yafike kwa msajili wa silaha. Ni safari ndefu, na ni afadhali uianze kabla hujamwahidi mtu fedha.

Wauzaji wengi hupenda kusema kwamba bunduki yao ni "ya Mjerumani," na hapa Tabora neno hilo lina mvuto, kwa kuwa boma la Wajerumani lilikuwa hapa, reli ya kati ilifika mwaka 1912, na tarehe 19 Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliuteka mji huu kutoka mikononi mwao. Ni kweli kwamba silaha za mataifa matatu zimepita katika ardhi hii, zikianza za Wajerumani na Wabelgiji na kumalizikia kwa za Waingereza. Lakini askari wengi wa Kijerumani waliingia vitani mwaka 1914 wakiwa na bunduki za mtindo wa 1871 zilizotumia baruti nyeusi yenye moshi mzito, na silaha ya namna hiyo haifai kabisa kupewa risasi za baruti ya kisasa. Hadithi ya babu huongeza bei bila kuongeza usalama hata kidogo. Heshimu hadithi, kisha uangalie alama.

Sasa nifike kwenye jambo ninaloliona kubwa kuliko yote baada ya hati, nalo ni risasi. Watu hununua bunduki kwanza na kuitafutia risasi baadaye, na huko ni kujenga nyumba kabla ya kuuliza kama kiwanja kina maji. Bunduki ya zamani ilitengenezwa kwa ajili ya kipimo fulani cha risasi, na vipimo vingi vilivyovuma zama za ukoloni havitengenezwi tena isipokuwa kwa idadi ndogo na kwa bei kubwa. Kipimo cha .318 Westley Richards kilipendwa sana Afrika Mashariki, lakini leo ukikinunua utakuwa na pambo la ukutani. Kipimo cha 10.75x68 cha Mauser nacho kimekuwa adimu. Kwa upande mwingine, 9.3x62, ambayo Otto Bock wa Berlin aliibuni mwaka 1905 ikapendwa na wawindaji na walowezi wa makoloni ya Kijerumani, bado inatengenezwa hadi leo, na .375 ya Holland & Holland iliyotoka mwaka 1912 ingali miongoni mwa risasi za kuwindia zinazopatikana kwa urahisi zaidi barani. Kati ya hizo mbili kuna tofauti ya matumizi pia: kichwa cha 9.3, yaani ile sehemu ya risasi inayoruka, kina upana wa .366 ya inchi, pungufu kidogo ya .375 ambayo ndiyo kiwango cha chini kinachotakiwa hapa nchini kwa wanyama wa hatari kama nyati. Kabla ya kutoa hata shilingi moja, wasiliana na muuza silaha mwenye leseni, mtajie kipimo, na umuulize kama anacho, ni bei gani kwa kisanduku, na lini aliingiza shehena ya mwisho.

Kuna mtego mmoja ambao ningependa kila mtu anayetazama bunduki ya Kijerumani aujue, kwa sababu nusura uninase mimi. Risasi ya Wajerumani ya milimita 8 iliyotumika katika Mauser ina sura mbili. Ile ya kwanza, ya mwaka 1888, ilikuwa na kichwa chenye upana wa takribani milimita 8.08, yaani .318 ya inchi. Mwanzoni mwa karne ya 20 jeshi lilibadili na kuweka kichwa cha milimita 8.2 hivi, yaani .323, huku ganda likibaki karibu lile lile. Mafundi wa bunduki za kiraia hawakubadilika wote pamoja, na kwa miaka mingi waliendelea kutengeneza bunduki za kuwindia zenye mtutu mwembamba wa zamani. Matokeo yake ni kwamba risasi ya sasa, ambayo kwenye kisanduku huandikwa 8x57 IS, inaweza kuingia vizuri kabisa katika bunduki iliyokusudiwa 8x57 I au J, yaani ile ya kwanza, komeo ikafunga bila shida, na mtumiaji asihisi lolote mpaka avute kifyatulio. Kinachotokea hapo ni kichwa kipana kulazimishwa kupita katika mtutu mwembamba, na mgandamizo wa gesi kupanda juu ya kile chuma kilichotegemewa kuhimili. Tofauti yenyewe ni ndogo kuliko unene wa ukucha.

Bunduki niliyotaka kununua ilikuwa Mauser ya kuwindia kutoka Sikonge, na juu ya mtutu wake ilionekana "8 mm" tu, kwa maana alama nyingine zilikuwa zimefunikwa na kitako. Familia ilikuwa imekwisha kuipeleka kituoni kama inavyotakiwa, nami nikaruhusiwa kuiangalia huko mbele ya askari. Kijana wa marehemu aliniambia kwa uaminifu wote, "Mzee, baba ameitumia miaka thelathini, haijawahi kumletea tatizo," na maneno yake yalikuwa ya kweli, ila marehemu alikuwa na akiba ya risasi za zamani ambazo zilikwisha naye. Fundi wa silaha mwenye kibali, niliyemwomba aje kuikagua, aliifungua, akasoma alama zilizofichwa chini ya mtutu, kisha akapima tundu lenyewe. Ilikuwa ya .318, ile nyembamba ya zamani. Mimi nilikuwa nimekwisha kuulizia kisanduku cha risasi za IS. Tangu siku ile ninashikilia kwamba mtutu wa milimita 8 usioeleweka hupimwa kwa kifaa na mtu anayejua. Mdomo wa mtutu na kisanduku cha risasi havitoshi kuwa ushahidi, hata kama nia ya aliyekupa habari ni safi.

Ukaguzi wa chuma chenyewe unafuata, na huanza kwa kuhakikisha kwamba bunduki haina risasi: fungua komeo, ambayo mafundi wengi huiita bolti, tazama chemba, yaani pale risasi inapokaa, kwa macho, kisha pitisha kidole. Iondoe bolti na utazame ndani ya mtutu kuelekea kwenye mwanga. Mifereji inayozunguka ndani yake inapaswa kuonekana kwa kingo zilizosimama. Ukiona giza la duara mahali pamoja, huenda mtutu umevimba kwa sababu bunduki iliwahi kufyatuliwa huku kuna tope au kitambaa kilichosahaulika ndani, na bunduki ya namna hiyo usiendelee kuijadili. Vishimo vidogo vya kutu ni jambo la kawaida kwa silaha za umri huo, kwa kuwa fataki za zamani, yaani vile viwashio vya baruti nyuma ya risasi, zilikuwa na klorati ambayo ikiungua huacha ndani ya mtutu chumvi inayovuta unyevu, na mtu ambaye hakuosha kwa maji ya moto baada ya kupiga aliharibu mtutu wake katika masika moja tu. Vishimo vichache karibu na mdomo hupunguza shabaha. Vishimo vingi karibu na chemba vinahitaji uamuzi wa fundi.

Linganisha namba ya bolti na namba ya mtutu. Zikitofautiana, huenda bolti imebadilishwa, na nafasi kati ya uso wa bolti na kitako cha risasi haijulikani tena. Nafasi hiyo ikizidi, ganda huvutika na kupasuka karibu na kitako chake, na gesi ya moto hurudi kuelekea usoni mwa mpigaji. Fundi ana vipimo vya chuma vya kuingiza ndani ya chemba vinavyotoa jibu kwa dakika chache. Jaribu pia kizuizi cha usalama ukiwa na bunduki tupu: kifunge, vuta kifyatulio kwa nguvu, uachie, kisha fungua kizuizi, na bunduki isifyatuke yenyewe. Bunduki nyingi za Kijerumani zina vifyatulio viwili, kimoja kikitegesha kingine kiwe chepesi sana. Asiyezijua ataguswa na mshtuko mara ya kwanza, kwa hiyo omba ufundishwe kabla ya kugusa.

Kitako hupuuzwa, na sioni kwa nini. Hali ya hewa yetu hukausha mbao kuanzia Mei hadi Oktoba na kuzivimbisha mvua zinapoanza, na ufa mwembamba nyuma ya chuma cha kufyatulia ni ishara kwamba msukumo wa bunduki haupokelewi mahali pake. Nimeona vitako vilivyochongwa upya kwa mninga wa huku kwetu, na sina ubishi na mti huo, kwa sababu hautembei sana unapokauka. Swali ni kama fundi seremala aliyeuchonga alijua kwamba kijino cha chuma chini ya mtutu, kinachopokea msukumo, lazima kikae kimebana ndani ya mbao bila hata unyoya wa nafasi.

Leseni ya bunduki haikupi ruhusa ya kuwinda. Uwindaji unaongozwa na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 na kusimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, inayotoa vibali kwa maeneo, msimu na aina ya mnyama. Mahali ambapo baba zetu walikwenda si lazima pawe wazi leo. Ugalla, iliyokuwa pori la akiba lililowindwa miaka mingi, ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2019, na ndani ya hifadhi ya taifa uwindaji haupo. Kama nia yako ni kuwinda, thibitisha kwanza utawinda wapi.

Katika hesabu ya gharama, ongeza juu ya bei ya muuzaji ada za leseni, malipo ya fundi, kasha la chuma lililofungwa ukutani au sakafuni, sehemu nyingine yenye ufunguo kwa ajili ya risasi peke yake, na nauli za kufuata risasi na vibali mbali na hapa. Kama nyumba yako ina watoto au wageni wa mara kwa mara na huna chumba cha kufungia, jibu la swali la kununua tayari umelipata. Fikiria pia siku utakapotaka kuiuza, kwa maana mnunuzi wako atalazimika kupita njia ile ile uliyopita wewe, na fedha zako zinaweza kukaa humo kwa muda mrefu.

Ukiridhika na yote hayo, andikianeni mkataba wa mauziano wenye namba ya silaha, ukaeleza wazi kwamba mauzo yanategemea ripoti ya fundi na kupatikana kwa leseni yako, na uache bunduki ibaki pale inapohifadhiwa kihalali mpaka hapo. Malipo kamili yangoje siku utakapoishika leseni yenye jina lako. Muuzaji asiyeyakubali masharti hayo, mshukuru kwa kukuonyesha, urudi nyumbani.