Kupata wasomaji wa barua pepe za duka lako la mtandaoni
Nauza viungo vya Unguja mtandaoni: karafuu, iliki, mdalasini. Orodha yangu ya wasomaji ilianza na kadi ndogo ndani ya kila kifurushi: "Nitumie anwani yako ya barua pepe, nikuletee vipimo vyangu vya pilau ya kilo moja ya mchele." Mtu hatoi anwani yake bure. Mpe kitu atakachokitumia jikoni wiki hiyohiyo.

Usinunue orodha ya anwani za watu, tafadhali. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na tena asiyekujua atakubonyezea "taka" (spam), yaani barua isiyotakiwa. Wakizidi, hata barua za wateja wako halisi zitaishia huko. Weka kitufe cha kujitoa kinachoonekana. Tangu 2024 Gmail inakidai kwa wanaotuma matangazo zaidi ya 5,000 kwa siku, lakini wewe kiweke hata ukiwa na wasomaji kumi.

Mimi hutuma Jumatano jioni, kabla watu hawajanunua mahitaji ya pilau ya Ijumaa. Kichwa cha barua kinabeba jambo moja: "Karafuu za msimu huu zimekauka." Akijibu mtu, mwandikie mwenyewe, kwa jina lake.